Kaka Aliyetaka Kuwa Shemeji

Mtu akikuambia kwamba Adam Maige alijiunga na klabu ya kuchangia damu shuleni kwa sababu ya huruma, mwache aseme, ila usimwamini. Huruma ilikuja baadaye, nami ndiye niliyefaidi. Mwanzo kabisa kulikuwa na Esta, mdogo wangu, na Esta alikuwa katibu wa klabu hiyo. Basi. Anayekuandikia ni Martina, mama lishe wa Buseresere, mwenye kibanda kilicho karibu na stendi upande wa barabara ya Biharamulo, na kama hujala kwangu usiseme umefika Buseresere.

Klabu ile naijua vizuri kwa sababu wanachama wake walikuwa wateja wangu. Shule yao ina kidato cha tano na cha sita, na wengi wanatoka mbali, wanapanga vyumba mtaani ambavyo wenyewe wanaviita mageto, wanajipikia wakiwa na mafuta na kula kwangu yakiwaishia. Mlezi wa klabu alikuwa Mwalimu Majaliwa, anayefundisha baiolojia. Yeye aliamini kwamba wanafunzi wale wote walisukumwa na upendo kwa taifa, na alikuwa akilisema hilo kila mgeni alipokuja. Mwalimu Majaliwa ni mtu mwema, na watu wema ni rahisi kudanganywa.

Ukweli ulikuwa unasemwa kwenye mabenchi yangu. Kudra alikuwa anatafuta cheti, maana alisikia ukiomba chuo ukiwa na cheti cha kujitolea wanakutazama kwa jicho zuri. Shadya alikuwa na kaka zake watatu waliomwambia kwamba mwanamke akiona sindano anazimia, akaapa atawanyamazisha. Wengine walifuata fulana. George, kijana wa Kahama mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, hakuwa na siri hata chembe: siku ya klabu wanachama walikuwa hawaendi shamba la mihogo la shule, na ukishatoa damu unapewa soda na biskuti.

"Dada Martina," aliniambia, "mimi damu ninayo nyingi. Soda ndiyo sina."

Nilicheka mpaka nikaacha maharage yaungue. Sikuona ubaya wowote. Mimi mwenyewe niliingia kwaya ya kanisani kwa sababu ya sare, na nimeimba miaka mingi tu.

Adam hakusema alichofuata. Alitoka Kishapu, kwa wakulima wa pamba wenye ng'ombe wachache, mrefu, mwembamba, mpole kupita kiasi. Gari la wachukua damu lilipokuja mara ya kwanza, mzani ulimkataa. Kuna uzito ambao mtu lazima aufikishe, na yeye hakuufikisha. Wenzake walikunywa soda, yeye akarudi darasani na aibu yake. Kesho yake alikuja kibandani kwangu, akaagiza ugali mkubwa na dagaa, akaumaliza, akaagiza mwingine. Kesho kutwa vilevile. Nilianza kumhurumia, nikidhani ana minyoo.

Halafu nikagundua kwamba kila akija, kabla hajakaa, anauliza swali moja.

"Shikamoo dada. Esta hayupo leo?"

"Marahaba. Esta yuko shuleni, na wewe ulipaswa uwe huko huko."

Hapo nikaelewa ugali ule ulikuwa unakwenda wapi. Gari la damu lilipokuja tena, mzani ulimkubali. George anaapa mpaka leo kwamba mfukoni mwa Adam kulikuwa na jiwe. Adam anaapa hakukuwa na jiwe, alikuwa amekunywa maji tu. Mimi simo.

Na Esta naye? Shuleni hakuna aliyejua kwa nini alikuwa akihangaika na klabu ile kama ya baba yake. Alikuwa anapita mageto yote kuwakumbusha watu, anagombana na wanaochelewa, ananuna gari lisipokuja. Walidhani ni kiherehere. Sisi nyumbani tulijua. Mama yetu alifariki njiani akipelekwa hospitali, akiwa juu ya tela la trekta, baada ya kujifungua mtoto aliyemfuata Esta. Damu ilikataa kukata. Mtoto naye hakukaa. Esta alikuwa bado mdogo, nikamlea mimi, mimi na Bibi Mariana, mama yake mama. Hatukuzaliwa na kaka, na baba alishatangulia. Tulikuwa wanawake watatu na jembe.

Sasa ikaja zamu yangu. Mume wangu Enock alikuwa Rwamgasa, kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na huko simu huwa inapatikana ikijisikia. Uchungu uliponishika, Esta aliomba ruhusa shuleni, akanipeleka hospitali Chato, mjini kando ya ziwa. Nilijifungua salama asubuhi, mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Nilimwona, nikamshukuru Mungu. Kisha nikasikia mguu unalowa, nikaona uso wa nesi umebadilika, na nikajua. Mtoto wa mama aliyekufa hivyo hahitaji kuambiwa.

Damu ya kundi langu iliyokuwepo ilikuwa imetumika kwa mama aliyenitangulia. Esta akanyoosha mkono wake kabla hajaombwa. Wakapima, haikulingana na yangu. Ananiambia hakuwahi kuuchukia mwili wake kama dakika ile. Akampigia simu Mwalimu Majaliwa.

Yaliyotokea shuleni nimesimuliwa na George, kwa hiyo punguza kidogo. Walikuwa kwenye mtihani wa majaribio. Mwalimu Majaliwa aliingia darasani, akaomba radhi kwa msimamizi, akasema kuna mtu anakufa Chato, anahitaji damu, gari liko nje. Hakuna soda, hakuna cheti, na mtihani atakayeuacha hatarudishiwa. Wengi waliinamia karatasi zao. Siwalaumu. Wazazi wao waliuza mahindi ili wakae mbele ya karatasi zile, na mimi ningekuwa na mtihani pengine ningeinama pia.

Wanne walisimama. Kudra, mwenye kutafuta cheti, alisimama mahali ambapo cheti hakipo. Shadya alisimama. George alisimama, na nilipomuuliza baadaye kilichomsimamisha alijibu bila kupepesa: "Dada, nilikuwa sijawahi kuona ziwa." Adam alikuwa nje tayari. Mwalimu alipotamka "dada yake Esta", yeye aliacha kalamu ikiwa bado inaviringika mezani.

Walipopimwa, damu iliyolingana na yangu ilikuwa ya George na ya Adam. Mimi wakati huo nilikuwa mbali. Nakumbuka baridi iliyoanzia vidoleni, na sauti ya Esta ikiniita kwa jina la mama badala ya langu. Kisha nakumbuka miguu ikipata joto, na kiu. Niliomba maji. Esta akaanza kulia, nami nikamgombeza kwamba maji hayaletwi na machozi. Hivyo ndivyo alivyojua nimerudi.

Jioni ile vijana wale walipita wodini kuniaga. George alikuwa ameshaliona ziwa, akasema ni kubwa lakini alidhani litakuwa kubwa zaidi. Niliwashika mikono mmoja mmoja. Mimi ni mtu wa maneno mengi, siku hiyo nilipata moja tu, asante ya kwetu: wabeja. Nililirudia mpaka nesi akanikataza.

Hadithi ya watu wengine ingeishia hapo. Yetu ina Bibi Mariana.

Bibi anakaa kijijini, mwendo wa bodaboda kutoka Buseresere. Nilipopata nguvu nilimpeleka mtoto kwake, na Bibi akaagiza wale wawili walionipa damu waletwe, akachinja mbuzi. Nilidhani ni sherehe. Kwa Bibi haikuwa sherehe tu. Baba yake, ujanani, alichanjiana na Mzinza mmoja mfanyabiashara wa samaki: walichanjana kifuani, wakapaka damu kwenye ini la mbuzi, wakalishana. Tangu siku hiyo nyumba zile mbili zinazikana, zinasaidiana, na hazioani. Mpaka leo haziwezi kuoana, hata vitukuu. Kwa Bibi, kilichofanyika hospitali kilikuwa ni kuchanjiana kulekule, ila kisu kimekuwa sindano. Kilichobaki ni kula ini.

Akaliweka ini motoni, akalikata, akawauliza vijana kama wanakubali kuwa kaka zangu.

"Bibi, mimi nakubali hata usingeniuliza," George alisema, macho kwenye ini.

Adam akasema, "Nakubali, Bibi." Nilikuwa nimekaa mbele yake, nikamwona alivyomtazama Esta aliyesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Alikuwa anacheka kwa macho. Naijua furaha ile. Ni ya mtu aliyehangaika nje ya nyumba muda mrefu, mlango umefunguliwa, na hakuuliza ni mlango gani. Kwao Kishapu mambo ya kuchanjiana wameshayasahau. Alidhani anakaribishwa kula nyama.

Nikamlisha ini kwa mkono wangu, naye akanilisha. Bibi akampa heshima ya kumtaja mtoto, kwa kuwa mjomba mwembamba, alisema, ndiye aliyetoa kwa shida. Adam akampa mtoto jina la mama yake mzazi, Noela. Vigelegele vikapigwa. Esta aliniambia baadaye kwamba alipoona lile ini linaingia kinywani mwa Adam, moyo ulimshuka hadi magotini. Lakini msichana gani atamkatalia kijana kula ini kwa ajili ya ndoa ambayo kijana mwenyewe hajaitaja?

Basi nikawa na kaka. Nataka uelewe hilo, maana ndilo lililonifanya niwe mgumu baadaye. Alipomaliza shule alikwenda kusomea ufundi umeme, akarudi kufanya kazi Chato na vijiji vyake, na mwaka upepo ulipobeba bati za kibanda changu, alifika kabla sijampigia simu. Enock alipolazwa, Adam ndiye aliyelala naye wodini. George pia alikuwa kaka kwa namna yake: kila Krismasi alifika na mfuko mtupu na tumbo tupu, akala, akabeba Noela mabegani, akaondoka. Adam alikuwa ananipigia simu mchana watu wakipungua, ananiuliza swali ambalo mama lishe haulizwi na mtu. "Dada, wewe umekula?"

Siku moja akaja kibandani, akakaa, hakuagiza kitu.

"Dada, nataka kutuma mshenga."

Nilifurahi. "Kwa nani?"

Akatazama chini. "Kwenu."

"Kwetu wapi? Kwetu kuna mimi na Bibi, na mimi nina mume."

"Dada Martina," alisema, "usinifanyie hivyo."

Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena. Nilimwambia yeye ni mjinga wa kwanza niliyemwona aliyechumbia kwa kugeuka mjomba wa ukoo. Jioni nikamuuliza Esta, ambaye alikuwa ameshakuwa muuguzi, na wachumba wa maana alikuwa anawarudisha mmoja baada ya mwingine bila kutoa sababu. Akasema, "Nimemsubiri tangu alipokuwa anakuja kwako kula ugali asioutaka."

Tukaenda kwa Bibi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akajibu neno moja.

"Yaya."

Hapana yake ni hapana. Mchungaji alikwenda, akasema kanisa halina kizuizi. Bibi alimpikia kuku na hakubadilika. Mwalimu Majaliwa alikwenda na baiolojia yake. Alimweleza taratibu kwamba damu aliyopewa mtu haikai milele, baada ya miezi michache inakwisha na mwili unatengeneza ya kwake, kwa hiyo ndani ya Martina hakuna hata tone la Adam.

"Maziwa uliyonyonya kwa mama yako yamo bado tumboni?" Bibi alimuuliza.

"Hapana, Bibi."

"Na yeye ameacha kuwa mama yako?"

Mwalimu aliniambia njiani kwamba atarudi na hoja nyingine. Hakurudi.

Nilikwenda peke yangu, nikiwa na hasira. Nilimwambia Bibi anaharibu maisha ya watoto wawili kwa sababu ya kipande cha ini. Hakunikemea. Alikuwa anapepeta mtama, akauweka ungo chini.

"Mama yako alipokuwa anaisha," alisema, "nilipiga yowe kijiji kizima kikasikia. Walikuja kumshika miguu. Walikuja na mizizi. Walikuja na trekta. Hakuna aliyekuja na damu. Nimekaa na jambo hilo mpaka nimezeeka. Wewe ulipoangukia palepale, mtoto wa watu akaja na damu. Leo unataka nimwite mpita njia?"

Nilikuwa nimemdhania ni mzee anayeng'ang'ania mila. Kumbe alikuwa anashukuru, na hakuwa na njia nyingine ya kushukuru ila hiyo.

Ndipo akaniambia kwamba njia ipo. Undugu ulioliwa unaweza kuvunjwa, ila havunji aliyetoa, anavunja aliyepokea. Mimi. Mbele ya nyumba zote mbili niseme kwamba mtu huyu simjui na hakunipa kitu, nivunje kibuyu, na tangu hapo nisimwite kaka tena mpaka nife. Nikifa, hatasimama na wafiwa. Atasimama na wakwe. Na niseme kwa kinywa kikavu. Nikicheka haikuvunjika, na nikilia haikuvunjika, kwa sababu itakuwa wazi kwamba moyoni bado ni ndugu.

"Sitaweza," nilisema.

"Najua," Bibi akajibu, akachukua ungo wake.

Nikamwita Adam, nikamwambia ukweli kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Nilimwambia siwezi kusimama mbele ya watu na kusema hakunipa kitu, wakati kila asubuhi nikiamka ni yeye aliyenipa. Atafute mwanamke mwingine, wanawake wamejaa mpaka Muleba. Nilijiandaa abishane nami. Hakubisha.

"Sawa, dada," alisema.

Akaendelea kuja. Akaendelea kuuliza kama nimekula. Ila Esta akifika yeye alikuwa ananyanyuka, anaaga, anaondoka, na Esta alikuwa anaosha sahani ambazo zilishaoshwa. Hali hiyo ilikwenda masika mazima. Enock, ambaye hasemi sana, aliniambia siku moja tukifunga kibanda: "Mke wangu, kwani yule kijana alitoa damu kwa ajili yako?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini lilikuwa swali la haki. Adam hakunijua mimi. Alinijua kama mwanamke wa ugali. Alikimbia kutoka kwenye mtihani kwa sababu alisikia jina la Esta, kama George alivyokimbilia ziwa. Nilikuwa nimejisifu miaka yote kwamba nilipewa damu, kumbe zawadi ile ilikuwa ya Esta na mimi niliipokea tu kwa kuwa ndiye niliyekuwa nimelala kitandani. Na je, faida yake kwangu ilipungua kwa sababu hiyo? Hata kidogo. Noela anaye mama. Sijali mtu alisukumwa na nini, mradi alifika. Nikaona kwamba kama yeye aliweza kutoa alichokuwa nacho kwa ajili ya msichana yule, mimi niliyemlea msichana yule siwezi kushindwa.

Nikamtumia Bibi ujumbe kwamba niko tayari.

Ilikuwa Jumamosi, jua likiwa juu. Uani kwa Bibi, ndani ya uzio wa minyaa, wazee wa kwao Adam walikaa upande mmoja na sisi upande mwingine. Mama yake, Noela mkubwa, alikuwa amefunga safari kutoka Kishapu, na alimpakata Noela mdogo kama aliyempata mnadani kwa bahati. Aliuliza kama jina nalo litavunjwa. Bibi akasema jina halivunjwi, mtoto ataacha kumwita Adam mjomba, atamwita baba mdogo, basi. George alikuja akiwa na suti, akasimama kabla ya yeyote, akatangaza kwamba yeye hana mchumba katika nyumba ile na undugu wake usiguswe. Watu wakacheka sana. Nami nilikuwa naogopa kucheka, nikauma shavu kwa ndani.

Bibi aliweka kibuyu cha maji chini, kati yangu na Adam. Adam alikuwa amevaa shati jeupe, amenyoa. Alikuwa amenitazama mara moja tu alipofika, kama mtu anayeomba radhi.

"Martina," Bibi aliita, "mtu huyu ni nani kwako?"

"Simjui."

"Alikupa nini?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu hilo siku nyingi, nikikuna nazi, nikichota maji, nikiwa peke yangu njiani. Nilikuwa nalisema vizuri nikiwa peke yangu. Sasa Adam alikuwa mbele yangu na mshipa wa mkono wake nauona, ulelule, na Bibi alikuwa amenikazia macho. Nilimtazama Esta aliyekuwa amekaa mkekani na mikono ameibana magotini. Nikavuta pumzi.

"Hakunipa kitu," nilisema.

Sauti yangu ilitoka kavu kama ya mtu anayekataa kukopesha. Nikakanyaga kibuyu, kikapasuka, maji yakaingia ardhini. Bibi akamwelekeza Adam atoke nje ya uzio. Akatoka, wazee wa kwao wakamfuata. Kuku wakaja kunywa maji yaliyobaki kwenye vipande vya kibuyu. Kisha tukasikia hodi, na Bibi akanipungia mkono kwamba nijibu mimi, kwa kuwa aliyemtoa ni mimi.

"Nani?" nikauliza.

"Ni Adam Maige. Mgeni. Nimekuja kuomba mke."

"Karibu, mgeni."

Vigelegele vilipasuka kila upande. Wanawake wakamnyanyua Esta, George akaanza kucheza kabla ya ngoma, na katika purukushani ile Adam akapita mbele yangu, akainama kidogo. "Shikamoo, shemeji," alisema. Nikamjibu marahaba, kama ninavyomjibu mtu yeyote, akasogea kwa wengine.

Nikaenda nyuma ya nyumba, jikoni, nikasimama mbele ya sufuria la pilau na mwiko mkononi. Kinywa nilikuwa bado nimekikaza. Sikuwa na uhakika kama nimeruhusiwa kukilegeza, leo au siku yoyote. Bibi alinifuata polepole na fimbo yake, akafunga mlango, akaniondolea mwiko.

"Kibuyu kimeshavunjika," alisema. "Sasa lia."

Nikalia. Nililia shukrani yote niliyokuwa nimekatazwa kuisema, nimeegemea bega lake dogo, wakati huko nje wanamcheza mwali. Nililia mpaka pilau likapoa, na katika maisha yangu ya upishi sijawahi kuacha chakula cha watu kikapoa.